Maabara ya Shule: Ukubwa Unapookoa na Unapogharimu

Msafiri atokaye Itigi kwenda Tabora kwa treni hupita Goweko, kituo kidogo cha Reli ya Kati katika nchi ya miombo, mashariki ya mji wa Tabora. Kabla ya reli hiyo kufika Tabora mwaka 1912, upande huu wa nchi ulipitwa na misafara ya wapagazi waliotoka pwani kwenda Unyanyembe. Mpagazi mmoja alichukua mzigo wa frasila mbili hivi, yaani kilo 32. Kabla ya kufika Tura, mlango wa Unyamwezi, iliwabidi wavuke Mgunda Mkali, pori kavu lililotenga Unyamwezi na Ugogo, na misafara midogo ilikuwa na desturi ya kungojana ili ivuke pamoja. Sababu yake si ngumu kuiona. Kirangozi mmoja aliweza kuongoza watu 300 kama alivyoweza kuongoza 100, na walinzi hawakuhitaji kuongezwa mara tatu. Lakini visima vya njiani havikuongezeka kwa kuwa msafara umekuwa mkubwa. Waliotangulia walikuta maji; waliokuwa mkiani walikuta tope.

Mhandisi anayechora jengo la maabara hukabiliwa na hesabu ya namna hiyo hiyo. Wataalamu wa uchumi hueleza kwamba gharama ya kitu kimoja hupungua kadiri vitu hivyo vinavyotengenezwa kwa wingi, au kadiri chombo kinachovitengeneza kinavyokuwa kikubwa. Hapa tutaiita hali hiyo nafuu ya ukubwa. Nia ya makala hii ni kuonyesha kwamba nafuu hiyo haitokani na ujanja wa wafanyabiashara peke yake. Sehemu yake kubwa imo katika jiometria na fizikia ambazo mwanafunzi wa sekondari huzisoma, na fizikia hiyo hiyo ndiyo huiwekea mpaka.

Jambo hili si la nadharia tu kwetu. Mwaka 2012 Rais Jakaya Kikwete aliagiza kila shule ya sekondari ya kata nchini Tanzania iwe na maabara tatu: ya fizikia, ya kemia na ya baiolojia. Muda uliowekwa ulikuwa mwisho wa Novemba 2014, kisha ukaongezwa hadi Juni 2015. Wananchi walichanga fedha, wakasomba mawe na mchanga, wakafyatua matofali. Majengo mengi yalikamilika, na mengi yalibaki maboma kwa miaka kadhaa. Mwandishi wa makala hii aliwahi kukaribishwa katika shule moja, ambayo hapana haja ya kuitaja, akaonyeshwa vyumba vitatu vizuri vilivyopakwa rangi. Mabomba yalikuwamo, ila maji hayakuwamo. Chupa za asidi zilihifadhiwa chini ya meza ya mwalimu mkuu, kwa sababu ndicho chumba pekee kilichokuwa na kufuli. Wanafunzi walijifunza titresheni kwa kutazama mchoro ubaoni.

Kuta na paa

Tuanze na hesabu nyepesi. Tuseme chumba kimoja cha maabara kina urefu wa meta 12 na upana wa meta 8, hivyo eneo lake ni meta za mraba 96 na mzingo wake ni meta 40. Vyumba vitatu vikijengwa mbalimbali vitahitaji kuta za meta 120. Tukiviunganisha kwa pande zao fupi, tunapata jengo la meta 36 kwa 8. Mzingo wake ni meta 88, na kuta mbili za kugawa vyumba ni meta 16. Jumla meta 104. Tumeokoa meta 16 za ukuta bila kupunguza hata hatua moja ya sakafu. Ukuta ukiwa na kimo cha meta 3, hizo ni meta za mraba 48, na kwa matofali ya saruji yenye urefu wa sentimeta 45 na kimo cha sentimeta 22.5, zinahitaji matofali yapatayo 480. Fundi akitoa matofali 30 kwa mfuko mmoja wa saruji, tumeokoa mifuko 16, yaani kilo 800, bila kuhesabu saruji ya msingi na ya plasta. Katika enzi ya misafara, huo ungalikuwa mzigo wa wapagazi 25.

Mwanafunzi mwepesi wa hesabu atauliza: kwa nini tusiviunganishe kwa pande ndefu? Jengo litakuwa la meta 24 kwa 12, mzingo meta 72, kuta za kugawa meta 24, jumla meta 96. Tunaokoa meta nane zaidi. Ni kweli. Lakini tazama chumba cha katikati. Kuta zake mbili ndefu sasa ni za ndani, na madirisha yamebaki katika ncha zake mbili nyembamba tu. Anayekaa katikati yuko meta 6 kutoka dirisha lililo karibu naye, ilhali katika jengo la safu hakuna aliye mbali zaidi ya meta 4. Tena kenchi za paa, zikitoka mbele hadi nyuma, sasa zinavuka meta 12 badala ya 8, na hapa ndipo ukubwa unapoanza kudai malipo yake.

Boriti iliyoegemea ncha zake mbili, yenye mzigo uliosambaa sawasawa, hupata mpindo mkubwa zaidi katikati. Kiasi chake ni mzigo wa kila meta mara mraba wa urefu wa boriti, kisha hugawanywa kwa 8. Kwa hiyo kutoka meta 8 hadi 12 mpindo haukui mara moja na nusu. Unakua mara 2.25. Kutoka meta 8 hadi 16 unakua mara 4. Kunepa kwa boriti ni kukali zaidi, kwani hufuata kipeo cha nne cha urefu: boriti ya unene ule ule ikirefushwa mara mbili hunepa mara 16. Galileo Galilei alilifikiri jambo la namna hii katika kitabu alichochapisha Leiden mwaka 1638, alipoonyesha kwamba mfupa wa mnyama mkubwa hauwezi kuwa na umbo la mfupa wa mnyama mdogo lililokuzwa tu. Uzito hukua kwa kipeo cha tatu, na eneo la kuubeba hukua kwa kipeo cha pili. Mafundi wetu wa paa wanalijua hilo kwa mikono, ndiyo maana hununa wakionyeshwa mchoro wa ukumbi mpana usio na nguzo.

Hata jengo la safu lina deni lake. Ukuta wa zege au matofali ya saruji wenye urefu wa meta 36, ukipata joto la nyuzi 20 zaidi kati ya alfajiri na alasiri, hutaka kurefuka kwa milimeta 8 hivi. Ukizuiwa, utajipasulia nafasi wenyewe. Mhandisi huacha mwanya maalumu mahali anapopataka yeye, ili ufa usichague mahali pake.

Tangi la maji

Maabara bila maji ni darasa lenye meza ndefu. Tabora hupata mvua inayokaribia milimeta 900 kwa mwaka, karibu yote kati ya Novemba na Aprili. Milimeta moja ya mvua juu ya meta moja ya mraba ni lita moja. Paa la meta za mraba 288, tukikubali kwamba sehemu ya tano ya maji itapotea, litatoa lita 207,000 kwa mwaka. Upande wa matumizi, darasa la wanafunzi 40 likitumia lita 5 kwa kila mwanafunzi litahitaji lita 200 kwa kipindi kimoja cha vitendo. Kwa vipindi 10 kwa juma ni lita 2,000, na kwa majuma 25 ya kiangazi ni lita 50,000. Paa linatosha mara nne. Kinachotakiwa ni mahali pa kuyaweka maji hayo hadi Oktoba.

Chukua tangi la umbo la mcheduara lenye nusu kipenyo cha meta 1 na kimo cha meta 2. Linachukua lita 6,280 hivi, na sakafu yake pamoja na ukuta wake ni meta za mraba 15.7. Sasa zidisha vipimo vyote kwa 2. Ujazo unakuwa lita 50,300, mara 8, lakini eneo la sakafu na ukuta linakuwa meta za mraba 62.8, mara 4 tu. Kwa kila lita iliyohifadhiwa, tangi kubwa linahitaji nusu ya ngozi ya tangi dogo. Hii ndiyo nafuu ya ukubwa katika hali yake safi kabisa. Wahandisi wa viwanda vya kemia wana kanuni ya kukadiria, iliyoenezwa na Roger Williams mwaka 1947, isemayo kwamba gharama ya chombo hukua kwa kipeo cha 0.6 cha uwezo wake. Si mbali na theluthi mbili tunayoipata kwa jiometria ya tangi.

Lakini hesabu hiyo imechukulia kwamba unene wa ngozi haubadiliki. Je, ni sawa? Kanieneo ya maji chini ya tangi hutegemea kina: meta 2 za maji hutoa kilopaskali 19.6, na meta 4 hutoa 39.2. Nguvu inayotaka kulipasua tangi la mviringo ni kanieneo mara nusu kipenyo. Vyote viwili vimeongezeka mara mbili, basi nguvu ya kupasua imeongezeka mara nne: kutoka kilonewtoni 19.6 hadi 78.5 kwa kila meta ya kimo cha ukuta, pale chini kabisa. Kama tunataka mkazo ule ule, unene nao uzidishwe mara nne. Eneo mara 4, unene mara 4: vifaa mara 16, kwa maji mara 8! Nafuu yote imetoweka, tena imegeuka hasara.

Ni ipi kati ya hesabu hizi mbili iliyo sahihi? Zote, kila moja mahali pake. Chuma laini kikiruhusiwa kubeba newtoni 100 kwa kila milimeta ya mraba, tangi dogo linahitaji bati la milimeta 0.2 na kubwa la milimeta 0.8. Hakuna mtu atakayejenga tangi kwa bati la milimeta 0.2, maana kutu na teke la mbuzi vitalimaliza kabla ya maji. Unene wa tangi dogo la chuma basi huamuliwa na mambo mengine, si maji, na kwa sababu hiyo nafuu ya ukubwa hudumu kwa safari ndefu. Kwa tangi la matofali, ambalo ndilo kijiji huweza kujijengea, mambo ni tofauti. Tofali na chokaa chake huvumilia sana kubanwa, lakini huvumilia kidogo mno kuvutwa. Anayekuza tangi la namna hiyo bila kulizungushia nondo au waya ameiga umbo na kusahau nguvu. Nimeona matangi mawili yaliyopasuka kwa namna hiyo hiyo, ufa wa wima ukianzia chini.

Kuna hoja moja zaidi kuhusu tangi. Badala ya moja la lita 50,000, jenga mawili ya lita 25,000 yenye umbo lile lile. Ngozi yote itaongezeka kwa mzizi wa tatu wa 2, yaani asilimia 26. Hiyo ndiyo bei ya kuwa na maji siku ambayo moja limepasuka na fundi bado yuko Tabora. Mimi ningeilipa.

Hewa

Katika hewa mambo yanageuka. Ngozi ndogo iliyotupendeza katika tangi ndiyo inayotudhuru katika chumba, kwa kuwa chumba hupumua kwa ngozi yake. Kuza chumba mara mbili kwa kila upande: hewa ya kubadilishwa ni mara 8, nafasi ya madirisha ni mara 4. Ukumbi mkubwa una bei nafuu kwa kila meta ya sakafu, na katikati yake hewa hulala.

Maabara kubwa za ng'ambo hulitatua jambo hili kwa mashine. Kabati la kemia lenye mlango wa kioo, ambamo hewa chafu huvutwa nje, huhitaji hewa iingie kwa mwendo wa nusu meta kwa sekunde. Mlango ukifunguliwa meta 1.2 kwa 0.5, hiyo ni meta za ujazo 1,080 kwa saa. Chumba chetu cha meta za mraba 96, chenye kimo cha meta 3, kina meta za ujazo 288. Kabati moja tu lingebadilisha hewa yake yote karibu mara nne kila saa. Katika nchi za baridi hewa hiyo ilikwisha kupashwa joto kwa gharama, kisha inatupwa nje, na ndiyo sababu jengo la maabara hula umeme na mafuta kupita ofisi ya ukubwa ule ule mara kadhaa. Nilipokuwa nikisomea uzamivu ughaibuni, makabati ya ghorofa zote katika jengo letu yalivutwa na feni moja kubwa juu ya paa. Kwa karatasi ilikuwa nafuu kuliko feni ndogo nyingi. Siku mkanda wake ulipokatika, watafiti wa ghorofa zote walishuka uwanjani wakasimama kwenye theluji hadi jioni.

Kwetu hatuna haja ya kupasha hewa joto, na upepo hautozwi. Lakini upepo una tabia zake. Tabora iko kwenye kimo cha meta 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, na hapo meta moja ya ujazo ya hewa vuguvugu ina uzani wa kilo 1 hivi. Hewa ya ndani ikiwa na joto la nyuzi 5 zaidi ya nje, katika chumba chenye kimo cha meta 3, nguvu ya kuipandisha ni nusu paskali tu. Upepo wa meta 3 kwa sekunde husukuma kwa paskali 4.5, mara tisa. Basi madirisha yaelekee upepo. Katika kiangazi cha Unyamwezi upepo hutoka hasa upande wa mashariki. Hapo tunagongana na jua, kwa kuwa kwenye latitudo ya nyuzi 5 kusini kuta zinazotazama mashariki na magharibi ndizo zinazochomwa zaidi, na kwa ajili ya jua tungependa kuta ndefu zitazame kaskazini na kusini. Mchoraji mwerevu huligeuza jengo kidogo, ili upepo uingie kwa mshazari na jua la alasiri lipate ukuta mfupi usio na dirisha. Hili haligharimu mfuko hata mmoja wa saruji, lakini ni sharti liamuliwe kabla ya kuchimba msingi.

Kemia nayo ina neno. Wastani wa uzito wa molekuli za hewa ni 29. Amonia ni 17, nayo hupanda na kutokea juu. Klorini ni 71, butani ya mtungi wa gesi ni 58, na hata ile gesi yenye harufu ya mayai viza, salfidi ya hidrojeni, ni 34. Hizi hukaa chini. Chumba chenye matundu ya hewa juu ya madirisha tu hakijazishughulikia. Panahitajika matundu karibu na sakafu pia, na mitungi ya gesi ikae nje ya ukuta, katika kibanda kilicho wazi chini. Kuhusu maji machafu nitasema moja tu: asidi hula saruji na chuma, hivyo bomba la kutoka sinki liwe la plastiki, nalo lipitie shimo lenye mawe ya chokaa kabla ya kufika ardhini.

Mchoro mmoja kwa shule nyingi

Nafuu nyingine ya ukubwa ni ya mchoro. Mhandisi akichora maabara moja nzuri, ikajengwa mara elfu, gharama ya akili yake kwa kila shule huwa karibu na sifuri. Ni jambo la busara. Lakini mchoro hausafiri na udongo wake. Mnamo 1935 Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo wa kituo cha Amani, alieleza jinsi aina za udongo wa Afrika Mashariki zinavyofuatana kwa mpango ule ule kutoka kilimani hadi bondeni. Katika nchi ya Unyamwezi, juu hukutwa mchanga na udongo mwekundu, na chini mbugani hukutwa udongo mweusi wa mfinyanzi unaovimba masika na kupasuka kiangazi. Msingi unaofaa juu huvunjika chini, ingawa umbali ni mwendo wa dakika chache. Kwa hiyo mchoro wa taifa uwe wa kuta, paa na mabomba, na msingi uachiwe mtu aliyechimba shimo pale penyewe.

Nafuu kubwa kuliko zote, kwa maoni yangu, haimo katika matofali wala katika paa. Imo katika ratiba. Tuseme juma lina vipindi 40 na kila somo la sayansi linahitaji vipindi 10 vya vitendo. Maabara tatu zitakuwa zinatumika robo ya muda kila moja. Chumba kimoja kingebeba vipindi vyote 30, robo tatu ya muda, na fedha za vyumba viwili zingenunua tangi, mabomba, stoo yenye kufuli na mshahara wa fundi wa maabara. Sisemi agizo la maabara tatu lilikosea. Shule yenye mikondo mingi inazihitaji, mbegu zinazooteshwa kwa juma zima haziwezi kuhamishwa kila kipindi, na siku za mtihani wa vitendo chumba kimoja huwa foleni. Nasema kwamba shule ndogo iliyo mbali na mji, yenye fedha za kumaliza chumba kimoja au kuanza vitatu, ingefanya vizuri kumaliza kimoja chenye maji na gesi na hewa, na kuuacha ukuta wake mmoja mfupi bila dirisha, ili siku fedha zikipatikana cha pili kiungwe hapo na ukuta huo utumike mara mbili.

Kazi ya darasani

Mwalimu, wagawe wanafunzi wako katika makundi, wapime chumba wanachosomea: mzingo, eneo la sakafu, ujazo, na jumla ya eneo la madirisha yanayofunguka. Wakokotoe meta ngapi za ukuta zinahudumia kila meta ya mraba ya sakafu, kisha warudie hesabu kwa chumba kinachofuata wakikihesabu pamoja na hicho cha kwanza kama jengo moja. Baada ya hapo washeni kijiti cha udi katikati ya chumba, madirisha ya upande mmoja yakiwa yamefungwa, na baadaye pande zote mbili zikiwa wazi. Sogezeni kijiti kutoka sakafuni hadi darini mkitazama moshi unaelekea wapi. Andikeni saa, upande wa upepo, na muda ambao harufu ilichukua kwisha.